Uaminifu Badala ya Ujira: Mtumishi wa Nyumbani katika Filamu na katika Kumbukumbu za Nyangwe

Utangulizi

Katika filamu nyingi zinazohusu Afrika ya Mashariki na Kongo, mtumishi wa nyumbani huonekana mara nyingi na husikika mara chache. Hufungua mlango, huandaa meza, hubeba bunduki ya bwana wake, na husikitika bwana huyo anapoondoka. Mtazamaji hutoka akijua kwamba mtu huyu ni mwaminifu. Hajui analipwa kiasi gani, aliingiaje kazini, wala kwao ni wapi.

Makala haya yanachunguza mapengo hayo mawili, yaani tabaka na kabila, kwa kulinganisha filamu kadhaa na kumbukumbu za Nyangwe, mji ulio kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba katika Maniema ya kusini. Mji huo haukuteuliwa kwa kuwa filamu hizo zilipigwa hapo. Umeteuliwa kwa sababu baadhi ya wapishi, wapagazi na watumishi ambao filamu zimewafanya vivuli walipita katika nchi hiyo miaka ya 1870, na habari zao ziliandikwa. Kwa hiyo inawezekana kupima picha ya sinema kwa kipimo cha historia. Hoja kuu ni kwamba filamu zimeweka uaminifu mahali pa ujira, na vazi mahali pa kabila. Ubadilishaji huo haukuanza na kamera. Ulianza katika vitabu vya mabwana wenyewe.

Nyangwe na watu wa kazi

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifanya makao Nyangwe katika miaka ya 1860, wakifuata pembe za ndovu na watumwa. Baadaye Kasongo, mji usio mbali na hapo, ukawa ngome kuu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Katika miji hiyo kulikuwa na ngazi ndefu ya watu wa kazi: mtumwa wa shamba, mtumwa wa nyumbani, mtumwa aliyekodishwa na bwana wake, mpagazi wa mshahara, mpishi, mkalimani, askari wa msafara. Baina ya mtumwa na mfanyakazi wa ujira hapakuwa na ukuta mmoja, bali vizingiti vingi, na mtu mmoja aliweza kuvivuka kadhaa katika maisha yake.

Kabila nalo halikuwa alama isiyofutika. Neno muungwana, ambalo pwani lilimaanisha mtu huru wa kuzaliwa, bara lilipata maana pana zaidi. Wapagazi na askari wa misafara, wengi wao wakiwa watumwa au watumwa wa zamani, walijiita waungwana. Vijana wa Kikusu, Kizimba, Kibangubangu na wengineo waliochukuliwa katika nyumba za wafanyabiashara wakavaa kanzu, wakasema Kiswahili, na baadhi yao wakasilimu, nao wakaitwa waungwana. Waliobaki nje ya mfumo huo wakaitwa washenzi. Ndipo Kiswahili cha sehemu hizo kikapewa jina la Kingwana. Lugha hiyo basi ina chembechembe za historia ya utumishi ndani ya jina lake. Upande wa pili wa ziwa Tanganyika, huko Ujiji, na hatimaye hata Dar es Salaam, watu wa makabila hayo mbalimbali waliitwa kwa jina moja tu, Wamanyema. Jina la nchi likageuka kuwa kabila, na kwa muda mrefu kabila hilo lilisikika masikioni mwa watu kama jina la tabaka.

David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871. Kabla ya hapo alikuwa amelala miezi kadhaa Bambarre, yaani Kabambare, akiuguza vidonda vya miguu. Watumishi waliobaki naye tangu katikati ya mwaka 1870 walikuwa watatu tu: Chuma, Susi na Gardner. Hawa watatu huwekwa pamoja katika hadithi kana kwamba walikuwa mtu mmoja. Kwa kweli walikuwa na asili tatu na historia tatu. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utotoni, mwaka 1861, kutoka katika msafara wa watumwa. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi, aliyeajiriwa akiwa mtu mzima kufanya kazi za chombo cha Livingstone. Gardner alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Nasik, Uhindi. Mmoja alilelewa na msafara, mmoja aliuza nguvu zake, mmoja alitoka shuleni.

Mwezi wa Februari 1871 waliwasili Bambarre wanaume kumi waliotumwa kutoka Unguja. Walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi, na Livingstone aliwaita watumwa wa Banyani. Watu hao walikataa kuendelea na safari, wakadai kuongezewa malipo. Livingstone aliandika juu yao kwa hasira nyingi. Lakini ukiisoma hasira hiyo kutoka upande wa pili, kilichotokea Kabambare ni mgomo wa wafanyakazi. Watu waliomilikiwa na wengine, wakiwa mbali na kwao, walitambua kwamba msafara hauwezi kutembea bila mabega yao, nao wakaweka bei.

Kulikuwa pia na Halima, mpishi wa Livingstone na mke wa Amoda. Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone huko Ujiji mwaka huohuo, anamwonyesha mama huyo akihangaikia mapishi ya ugeni. Halima ni miongoni mwa wanawake wachache wa kundi hilo wanaotajwa kwa jina, na katika sinema ndiye wa kwanza kupotea. Ilibidi ingojewe riwaya ya Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, iliyochapishwa mwaka 2019, ndipo mpishi huyo apewe nafasi ya msimulizi.

Mkasi wa mhariri

Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliwashambulia wachuuzi katika soko la Nyangwe, wengi wao wakiwa wanawake. Livingstone alinukuu makadirio ya watu kati ya 330 na 400 waliokufa, kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Habari hizo, zilipofika Uingereza, ziliongeza nguvu ya kampeni dhidi ya biashara ya watumwa.

Maelezo ya siku hiyo yaliandikwa kwa wino wa matunda juu ya kurasa za magazeti, kwa kuwa karatasi zilikwisha. Ulimwengu haukuyasoma hayo. Ulisoma kitabu kilichohaririwa na Horace Waller na kutolewa mwaka 1874, mwaka ambao Chuma na Susi walipelekwa Uingereza wakamsaidia Waller kwa kumbukumbu zao. Mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walitoa maandishi ya asili yaliyofifia, baada ya kuyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali. Ilidhihirika kwamba baina ya daftari la Nyangwe na kitabu kuna tofauti kubwa, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa Livingstone mwenyewe. Katika daftari, uhusiano wa bwana na watumishi umejaa ugomvi, shaka na vitisho. Katika kitabu, umelainishwa.

Jambo hili lina uzito kwa mwanafunzi wa filamu. Kabla sinema haijabuniwa, mkasi ulikwisha kufanya kazi. Watumishi wagomvi waliachwa nyuma, na watumishi waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani kuanzia mwaka 1873 wakawekwa mbele, si kwa kuwa waliongoza safari hiyo kwa akili na nidhamu yao wenyewe, bali kwa kuwa walionyesha mapenzi kwa bwana. Stanley naye alichangia. Mwaka 1871 alipewa Tabora mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Akampa jina la Kalulu, akampeleka London, akapiga naye picha studio, akamtungia riwaya iliyotolewa mwaka 1873. Kalulu huyohuyo alitoroka katika msafara wa mwaka 1876, akakamatwa na kurudishwa, akapitishwa Nyangwe, na mwezi wa Machi 1877 akafa maji katika maporomoko ya mto Kongo. Picha ya studio inaonyesha mtoto mtiifu. Haiwezi kuonyesha yule aliyejaribu kuondoka.

Filamu za msafara

Filamu ya Stanley and Livingstone, iliyoongozwa na Henry King na kutolewa Marekani mwaka 1939, ilirithi picha hizo. Baadhi ya mandhari yake yalipigwa Afrika ya Mashariki. Stanley wa historia alisafiri mwaka 1871 pamoja na Wazungu wawili aliowaajiri, ambao hawakufika Ujiji. Waliofika naye walikuwa Selim, kijana Mwarabu kutoka Yerusalemu aliyekuwa mkalimani wake, na watu wa msafara. Filamu ilimtungia Stanley mwenzi Mmarekani, Jeff Slocum, aliyeigizwa na Walter Brennan. Mtu huyo hakuwapo kamwe. Nafasi ya mtu wa kuzungumza naye njiani, kumtania na kumshauri, nafasi ambayo kihistoria ilikuwa ya mkalimani na wakuu wa msafara, ikatolewa kwa mtu wa kubuni mwenye asili moja na bwana. Waafrika wakabaki kuwa mandhari yanayotembea.

Mountains of the Moon, filamu ya Bob Rafelson ya mwaka 1990 kuhusu safari za Burton na Speke, ilikwenda mbali zaidi. Sidi Mubarak Bombay ana jina, uso na heshima, naye aliigizwa na Mkenya, Paul Onsongo. Hata hivyo, maisha ya Bombay yanazidi sana kile kinachoonekana. Alizaliwa Myao, akauzwa utotoni, akaishi Uhindi, akarudi Unguja akiwa huru na kuwa askari. Mwaka 1874 alikuwa mkuu wa watu wa Cameron msafara huo ulipofika Nyangwe, na kutoka hapo waliendelea hadi pwani ya Atlantiki. Bombay alikuwa mtaalamu wa kazi yake, mtu aliyeajiriwa tena na tena kwa sababu ya ujuzi.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Mabruki. Burton aliandika kwamba Mabruki alikuwa mtumwa wa shekhe wa Kiarabu, aliyemkodisha kwa dola 5 kwa mwezi. Katika filamu, Mabruki, aliyeigizwa na Delroy Lindo, ni mtumwa mtoro anayepata hifadhi kwa Burton. Badiliko hili linaonekana dogo, lakini linapindua maana yote. Katika historia, Mzungu anashiriki katika mfumo wa utumwa kwa kumlipa mwenye mtumwa. Katika filamu, anamwokoa mtu na mfumo huo. Dola 5 zimetoweka, na mahali pake pamewekwa shukrani.

Jikoni kwa mlowezi

Ukoloni ulipokwisha kusimikwa, msafara uligeuka kuwa nyumba. Nyangwe ilitekwa na majeshi ya Dhanis mwezi wa Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Huko Kongo, kama Kenya, akazaliwa boi: mwanamume wa umri wowote aliyeitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto. Lugha ya jikoni ikawa Kiswahili cha amri. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni Kongo, ameonyesha jinsi vitabu vya kujifunzia Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu vilivyowafundisha zaidi kuagiza kuliko kuzungumza. Kingwana, lugha ambayo wapagazi waliipokea kama cheo, ilirudishwa kwao kama kengele ya kuitia mtumishi.

Filamu ya Out of Africa ya Sydney Pollack, ya mwaka 1985, imeionyesha nyumba hiyo kwa uzuri mwingi. Msimamizi wa nyumba ni Farah, Msomali. Mpishi ni Kamante, Mkikuyu. Tofauti hiyo haikuwa ya bahati nasibu. Katika Kenya ya kikoloni Wasomali walidai daraja lililo juu ya wenyeji wengine, na sheria ya mwaka 1919 iliwapa baadhi yao msamaha wa kutohesabiwa kuwa wenyeji. Wakikuyu wa shamba lile walikuwa wakiishi na kufanya kazi katika ardhi iliyopimwa na kugawiwa walowezi. Kwa hiyo baina ya Farah na Kamante palikuwa na sheria, si kilemba tu. Filamu ilikihifadhi kilemba na kuiacha sheria. Aliyeigiza nafasi ya Farah, Malick Bowens, alikuwa mtu wa Mali, kana kwamba Mwafrika mmoja anatosha kwa mwingine. Ikumbukwe pia kwamba masimulizi ya Kamante mwenyewe yalikuwa yamechapishwa mwaka 1975, miaka 10 kabla ya filamu.

The Kitchen Toto, filamu ya Harry Hook ya mwaka 1987, inakaribia ukweli zaidi. Mwangi, kijana Mkikuyu aliyefiwa na baba, anakuwa toto wa jikoni katika nyumba ya ofisa wa polisi Mwingereza mwaka 1950. Hapa kabila ni hatari halisi: kwa sababu ni Mkikuyu, mabwana wanamshuku, na wanaokula kiapo wanamdai. Tabaka nalo linaonekana katika mahali anapolala, nguo anazopewa, na mlango anaouingilia. Filamu inamtambua mtumishi kuwa mtu aliyebanwa na pande mbili, wala haimtolei uaminifu kama dawa.

Kongo: bwana anapobadilika

Mwaka 1958 Fred Zinnemann alipiga sehemu za The Nun's Story katika Stanleyville, yaani Kisangani, chini ya Nyangwe kwa mkondo wa mto uleule. Ilitolewa mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Wasaidizi wawili Waafrika wanaotokeza katika filamu hiyo wanaitwa Illunga na Kalulu. La kwanza ni jina la Kiluba. La pili ni jina lilelile alilopewa mtoto wa Tabora. Waigizaji walikuwa Errol John wa Trinidad na Orlando Martins wa Nigeria. Majina ya Kongo yalionekana ya lazima ili kutoa ladha ya mahali. Wakongo wenyewe hawakuonekana wa lazima.

Miaka 28 baadaye hali ilibadilika. La Vie est belle, filamu ya mwaka 1987, iliongozwa na Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Mhusika mkuu, Kourou, ni kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta maisha ya muziki, akaishia kuwa boi wa Nvouandou, tajiri mwenye klabu. Tajiri huyo anamwoa Kabibi awe mke wa pili, ilhali Kabibi na Kourou wamependana. Kwa mara hii mtumishi ndiye shujaa, na bwana ni Mkongo. Filamu hii ya kuchekesha inasema wazi jambo ambalo sinema ya kikoloni ililificha: utumishi ni uhusiano wa tabaka. Rangi ya bwana ikibadilika, jiko na ngazi yake hubaki palepale.

Aliyemwigiza Kourou ni mwanamuziki Papa Wemba, Mtetela aliyezaliwa Lubefu mwaka 1949. Watetela na Wakusu wa Maniema ni ndugu wa karibu kwa lugha na asili. Kilichowatenganisha kwa kiasi kikubwa ni historia ileile ya misafara, vita na mipaka ya utawala. Jina la Kabibi lina mzizi wa Kiswahili, nalo husikika sana mashariki ya Kongo. Lakini filamu haiyafanyi mambo hayo kuwa habari. Wahusika husema Kifaransa kwa sehemu kubwa, na kabila limeachwa mlangoni. Katika Zaire ya chama kimoja, iliyohubiri umoja wa taifa, ukimya huo unaeleweka. Hata hivyo ni ukimya. Filamu imemrudishia boi tabaka lake bila kumrudishia lugha yake.

Upungufu huo si wa Kongo peke yake. Katika La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, Diouana, mtumishi Msenegali huko Antibes, Ufaransa, anafikiri kwa Kifaransa fasaha kupitia sauti ya mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Hiyo ndiyo filamu iliyoonyesha kwa ukali kuliko nyingi bei ya kazi ya ndani, na hata hapo mtumishi hakusikika kwa lugha yake.

Boi anapoandika

Je, ingekuwaje kama mtumishi angesimulia kwa lugha yake mwenyewe? Jibu lipo, nalo liko katika Kiswahili. Mwaka 1965, huko Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha waliokuwa mabois wa nyumbani. Andiko hilo lilipigwa chapa kwa Kiswahili cha Katanga, na mwaka 1990 Johannes Fabian akalitoa pamoja na tafsiri na ufafanuzi.

Ndani ya andiko hilo mabois si vivuli nyuma ya kiti. Wao ndio waliokuwapo wakati mji unaanzishwa. Wanawajua mabwana kwa majina ya kupanga waliyopewa na Waafrika. Wanakumbuka vita, posho, adhabu na hofu. Mahali ambapo filamu ingesema mtumishi alimpenda bwana wake, andiko hili lina hesabu: nani alifanya kazi gani, akapata nini, akanyimwa nini. Tahajia na sarufi yake haifuati Kiswahili sanifu, na kwa sababu hiyo wengine wangeweza kulipita. Kufanya hivyo kungekuwa kurudia kosa la mhariri wa mwaka 1874.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, watumishi waliopita Nyangwe na Kabambare walikuwa na asili tofauti na masharti tofauti ya kazi, nao waliyajua masharti hayo kiasi cha kuyapigania. Pili, filamu nyingi zilipokea habari zao zikiwa zimekwisha kusafishwa katika vitabu, kisha zikaendeleza usafishaji huo: mwaka 1939 kwa kumtunga mwenzi Mzungu, mwaka 1990 kwa kuufuta mkataba wa dola 5. Tatu, filamu zilizomkaribia mtumishi zilirudisha upande mmoja zaidi ya mwingine. La Vie est belle imerudisha tabaka, The Kitchen Toto imerudisha kabila na sehemu ya tabaka, lugha bado.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili jambo hili si la pembeni. Lugha wanayoisoma ilifikishwa Lualaba mabegani mwa wapagazi na vinywani mwa wapishi. Anayetazama filamu yenye mtumishi ndani yake hana budi kuuliza maswali matatu: huyu analipwa na nani, kwao wapi, na anasema lugha gani akiwa hayupo bwana? Watumwa wa Banyani waliketi chini Kabambare mwaka 1871 wakangoja wajibiwe swali la kwanza. Filamu nyingi zilizotengenezwa tangu hapo hazijawajibu.